Maji ya Kifuani Hayatoki Kikombeni

Fundi viatu alishona soli kibarazani kwake, huku mkewe akimsimulia habari za mtaa mzima. Majirani walimwita mke huyo Mama Habari, naye jina alilipenda.

Siku hizi habari zilikuwa fupi. Mama Habari alikuwa na saratani ya titi, na ilikuwa imesambaa. Wiki ya tatu sasa alilala ameketi, mito minne mgongoni. Akisema maneno matatu, anatua kutafuta pumzi.

Hospitali walimpiga picha ya kifua. Daktari akasema maji yamejaa nje ya pafu la kulia, yatolewe kwa mrija. Fundi viatu hakutaka hata kusikia. Alimjua mtu aliyetolewa maji, akafa wiki ileile. Akamrudisha mkewe nyumbani, akaanza kumpimia maji ya kunywa.

"Vikombe viwili tu kwa siku. Yasiingie mengine."

"Nina kiu."

"Vumilia, mama watoto."

Moyo ulimwuma. Midomo ya mkewe ilikauka, ikapasuka, na pumzi haikuongezeka hata kidogo. Fundi aliogopa kumwacha peke yake hata kwenda chooni.

Alhamisi akaja muuguzi anayetembelea wagonjwa majumbani. Aliitazama ile midomo, akauliza mama anakunywa kiasi gani. Fundi akasema kweli.

"Baba, hapo umekosea," muuguzi alisema. "Maji ya kunywa huenda tumboni. Haya ya kifuani yanaletwa na saratani. Pafu limezungukwa na ngozi mbili nyembamba, na katikati yake huwa na maji kidogo sana. Saratani ikifika pale, maji yanazidi. Yanalibana pafu, linakosa nafasi."

"Kwa hiyo nimemtesa bure?"

"Ulitaka kumsaidia. Sasa mpe anywe."

Mama Habari alikunywa, akapumzika, akanywa tena. Fundi aligeukia ukutani, akafuta machozi.

"Na yule jamaa aliyetolewa maji akafa?" aliuliza.

"Sikumwona, siwezi kuapa. Huenda ni saratani yenyewe. Kutoa maji kuna hatari zake, na daktari atawaeleza. Nisikudanganye, baba, hakuponyi saratani, na maji huweza kurudi. Ila kunampa mgonjwa pumzi."

Aliyejibu ni mkewe.

"Naitaka... hiyo pumzi."

Kesho yake walikuwa hospitali. Mama Habari aliketi ameinamia meza. Wakamchoma sindano ya ganzi mgongoni, kati ya mbavu, wakaingiza mrija mwembamba. Maji kama chai ya rangi yakashuka polepole kwenye chupa. Fundi alimshika mkono, na jasho lilimtoka yeye zaidi kuliko mgonjwa. Mara mkewe akaanza kukohoa, na daktari akafunga mrija.

"Leo tunaishia hapa," daktari alisema. "Yakitoka mengi kwa mkupuo, pafu huumia."

Mama Habari alipumua vizuri zaidi, lakini wiki mbili baadaye maji yalirudi, kama muuguzi alivyoonya. Safari hii aliwekewa mrija laini wa kubaki kifuani, ukafunikwa kwa bandeji. Muuguzi akamfundisha fundi kuutumia nyumbani, siku zile alizopangiwa. Anawe kwa sabuni, avae glavu, aunge chupa safi, afungue taratibu. Mama akisikia maumivu, afunge. Akipata homa, usaha au wekundu, au pumzi ikibana ghafla, hospitali siku hiyohiyo.

"Mikono hii imezoea nyundo," fundi alinung'unika.

"Itazoea na hili."

Mara ya kwanza ilishika chupa kama nyundo. Mkewe akamwambia atulie, yeye si kiatu. Mara ya nne iliishika kwa upole.

Adhuhuri moja fundi aliacha kazi kibarazani, akaingia chumbani. Mkewe alikuwa amelala chali, mto mmoja tu, kimya kabisa. Akasogea, akaweka kiganja karibu na pua yake. Pumzi ikamgusa vidole, ya moto, ndefu.

Mama Habari akafumbua jicho moja.

"Bado nipo, baba watoto. Nenda kanawe mikono, leo ni siku ya chupa."