Mwenye Figo

Linah alipotaka kufungua kabati la joto la kukuzia seli asubuhi hiyo, alikuta kwenye kioo cha mlango alama ya kiganja, kidogo kama cha mtoto, ila vidole vyake virefu kupita kiasi. Akaifuta. Haikufutika. Ilikuwa upande wa ndani.

Maabara yao ya Kitale ilikuza virusi ndani ya seli za figo la tumbili. Tumbili mwenyewe alikufa zamani, kabla Linah hajazaliwa, lakini seli zake zilikuwa zingali zinazaana kwenye chupa. Wiki hiyo walizitia makohozi ya watoto wa Kabuchai waliokuwa wakiungua kwa homa isiyojulikana. Kama kulikuwa na virusi, seli zingekufa. Linah akachungulia kwenye hadubini. Seli zilikuwa zikitanuka na kunywea kwa pamoja, kama kifua cha mtu aliyelala.

Kuanzia siku hiyo harufu ya manyoya yaliyoloa ikamfuata hadi nyumbani kwake, mtaa wa Tuwan, ikaingia kwenye chai, kwenye shuka, kwenye nywele zake, na kiuno kikamuuma upande wa kushoto, kana kwamba kidole kirefu kilikuwa kikipapasa humo polepole, kikitafuta kitu chake.

Bi Zulekha, jirani aliyekuwa akiwasomea watu wenye majini, alimshika mkono na kuanza kisomo. Mdomo wa Linah ukafunguka wenyewe.

"Nilikufa," sauti nzito ikasema. "Mbona hamniachi nife?"

"Mjibu, mwanangu," Bi Zulekha akanong'ona.

"Aki, kuna watoto wagonjwa," Linah akalia. "Tuonyeshe ugonjwa wao. Nakuahidi nitazimaliza seli zako zote."

Kesho yake seli zikafa. Virusi vikajulikana, na hospitali ikaanza kuwatibu watoto. Linah akamwaga kila chupa, akachoma hata akiba ya kwenye friza, huku Bi Zulekha akisoma mlangoni.

"Zimeisha zote?" Bi Zulekha akauliza.

Daktari Wangila, mkuu wa maabara, akainama. "Za hapa, ndiyo. Lakini si ziko kila mahali, mama. Maabara za dunia nzima."

Bi Zulekha akamtazama Linah kwa huruma. "Umemwahidi usichokiweza."

Jumatatu chupa mpya za seli hizo hizo zikaletwa kutoka Nairobi. Linah alisimama mbele ya kabati, akaogopa kulifungua hivi hivi.

"Hodi," akanong'ona.

"Karibu," ikamjibu sauti yake mwenyewe, kutoka ndani ya kabati.