Mtutu Uliozibwa

Kitambaa kilitoka cheusi. Fathiya alikikuta juu ya gazeti, kimelowa mafuta ya cherehani na masizi, akadhani mumewe alikuwa akisafisha jiko.

"Hiki cha nini?"

"Nilikuwa nasafisha mtutu," alijibu Maulid.

Fathiya akaitazama bunduki iliyolala juu ya meza ya kulia. Kifyatulio chake kilikuwa kimechomelewa, na mtutu ulizibwa kwa madini ya risasi yaliyoyeyushwa na kumiminwa ndani, ukabaki uwazi wa urefu wa kidole tu pale mdomoni. Ilikuwa bunduki ya kwata. Wanamgambo wa Kichina wa zamani walijifunzia gwaride kwa bunduki kama hizo.

"Masizi yatoke wapi, na hii haijapiga miaka yote hiyo?"

 Maulid alichukua kitambaa kingine cheupe, akakisukuma kwa kijiti, akakivuta. Nacho kikatoka cheusi.

Maulid alikuwa mtu wa Makunduchi, Unguja. Kazi yake ilikuwa kununua midoli Yide Lu, mtaa wa maduka ya jumla jijini Guangzhou, China, na kuisafirisha kwenda nyumbani. Yeye na Fathiya walipanga vyumba viwili mtaa wa Dengfeng, juu ya mgahawa wa Wasomali, na baada ya miaka mingi ya ndoa bila mtoto, mwaka huo Fathiya alikuwa mjamzito na tumbo lilishaanza kuonekana. Nyumba ilikuwa na kila sababu ya kuwa na furaha. Lakini Maulid alikuwa na kidonda kisichofunga.

Baba yake, Mzee Othman, alipigana vita vya Kagera. Katika picha yake pekee ya ujana alikuwa amesimama kwenye matope, sikio la kushoto limefungwa bendeji, mkononi ameshika bunduki aina ya SAR yenye singe ya kukunjwa. Alirudi kiziwi wa sikio hilo, na vita vyenyewe hakuvitaja hata siku moja. Maulid aliuliza alipokuwa mtoto, akafukuzwa. Aliuliza tena alipokuwa mtu mzima, kwa simu, na safari hiyo mzee akasema, "Ukija nitakwambia. Mambo haya hayasemwi kwa simu."

Wakati huo mipaka ilikuwa imefungwa kwa sababu ya maradhi yaliyoenea dunia nzima. Kabla haijafunguliwa, Mzee Othman alifariki. Maulid alimzika akiwa Guangzhou, simu imeegemezwa kwenye birika la chai, na mtandao ukakatika jeneza likiwa bado mabegani mwa watu. Uliporudi, wanaume walikuwa wakikung'uta mchanga mikononi.

Ndiyo maana alipoiona bunduki ile kwenye duka la vitu vya kale, nyuma ya kofia za askari na masanduku ya risasi matupu, alizisogeza kofia akaishika. Ilikuwa aina ileile, na singe ileile ya kukunjwa. Laoban, yaani mwenye duka, mzee mkavu asiye na maneno, alisema kwa ishara kwamba haiwezi kuua hata inzi. Maulid alitaja bei ya kijinga ili waanze kuvutana. Mzee akaipokea papo hapo, akaifunga bunduki kwenye blanketi, akaingia ndani na kushusha pazia bila kuaga. Maulid aliibeba hadi nyumbani katika boksi la bunduki za plastiki za watoto.

"Polisi wakiikuta humu, tutarudishwa kwetu," alisema Fathiya.

"Ni chuma na ubao tu. Niachie, mke wangu. Sina kitu kingine cha baba."

Fathiya akamwachia, maana alikumbuka siku ile ya maziko jinsi mumewe alivyokaa na simu iliyozimika mapajani, bila chozi.

Ilikuwa majira yale ya unyevu ambapo kuta za Guangzhou hutoka jasho na nguo hazikauki hata zikianikwa wiki nzima. Kwanza ikaja harufu. Si harufu ya ukungu wa ukutani, hiyo waliizoea. Hii ilikuwa ya baruti, na chini yake harufu ya majani ya migomba yaliyooza mvuani. Fathiya alifukiza udi, lakini udi ukaisha na harufu ikabaki. Kisha zikaja sauti. Alikuwa anakunja nguo mchana mmoja, Maulid hayupo, akasikia mtu anakohoa sebuleni, kikohozi kikavu cha mzee. Alikwenda kutazama. Hapakuwa na mtu. Bunduki ilikuwa imeegemea ukutani, na mdomo wa mtutu ulikuwa umelowa kama mdomo wa mtu aliyetoka kunywa maji.

Alipomweleza mumewe, Maulid hakushtuka. Alitabasamu kwa huzuni, akasema kwa sauti ya chini, "Na wewe umemsikia?"

"Nimemsikia nani, Maulid?"

Maulid akaichukua bunduki, akaingia nayo chumbani.

Tangu hapo aliacha kwenda Yide Lu. Wateja walipiga simu, hakupokea. Alijifungia chumbani, akaketi kitandani na bunduki kati ya magoti, kitako chini, sikio lake la kushoto limekandamizwa juu ya mdomo wa mtutu. Humo ndani alikuwemo baba yake. Baba alimwita kwa jina la utotoni ambalo hata Fathiya hakulijua. Alimsimulia safari ya meli, baridi ya milimani, wenzake waliobaki kule. Maulid alilia, akacheka, akauliza, akajibiwa. Kila mara kabla ya kuendelea, sauti iliomba jambo moja: "Nisafishe, mwanangu. Nimechafuka." Naye alisafisha, na vitambaa vikatoka vyeusi, vikajaa ndoo.

Fathiya alisimama nje ya mlango, akasikiliza. Alisikia sauti ya mumewe, na sauti nyingine ikimjibu. Akashika tumbo lake, akaondoka akinyata.

Alasiri moja mvua ilikuwa inanyesha. Sauti ilimfikisha Maulid mwisho wa safari.

"Tulivuka mto," ilisema. "Tukaingia shamba la migomba. Palikuwa na nyumba ya udongo, mlango umefungwa. Nikasikia mtu anapumua nyuma ya mlango. Nikaita, hakujibu."

"Ukafanya nini, baba?"

"Ninyanyue nikuoneshe."

Maulid akainyanyua bunduki, na ilikuwa nyepesi kama unyoya, na kitako kilikaa begani mwake kama kilichochongwa kwa ajili yake, na mdomo wa mtutu ukajielekeza wenyewe kwenye mlango wa chumba, na harufu ya migomba iliyooza ikapanda hata akaona kwa macho yake kuta zinazotoka jasho zikigeuka udongo, na nyuma ya mlango ule, waziwazi, mtu alikuwa anapumua.

"Vuta, mwanangu. Ukivuta nitakwambia alikuwa nani, na mimi nitapumzika."

Kidole kilikuta kifyatulio, na kifyatulio kilichochomelewa kikacheza, laini, kama kilichopakwa mafuta jana, na pumzi za nyuma ya mlango zikasogea karibu, na baba yake akasema vuta, na yeye akaanza kuvuta, kwa mapenzi tu, kwa sababu alikuwa amekisubiri kisa hiki maisha yake yote, mpaka sauti nyingine ikapenya.

"Maulid, nifungulie. Nimekuletea chai, mikono imejaa."

Aliusukuma mtutu pembeni kwa nguvu zake zote. Bunduki ikalia.

Fathiya aliusikia mlio, sinia likamtoka. Alipousukuma mlango kwa bega na kuingia, alimkuta mumewe amepiga magoti, moshi umetanda juu yake, damu nyembamba ikichuruzika kutoka sikio la kushoto. Ukutani hapakuwa na tundu. Wasomali wa chini hawakusikia kitu, wala majirani wa Kichina. Walisikia wawili wao tu.

Kabla ya magharibi Fathiya alimleta Mbarak. Huyu alikuwa Mpemba aliyekuwa akisomea uzamivu wa famasia chuoni, aliyehifadhi Kurani utotoni, na babu yake alitibu watu waliopagawa na majini huko Wete. Alisimama mlangoni, akavuta harufu, uso ukabadilika.

"Shemeji, kaa kule jikoni. Usije hata ukiitwa kwa jina lako."

Aliiweka bunduki sakafuni, akafukiza ubani, akaanza kusoma. Alisoma Ayatul Kursiy, akairudia, mpaka mtutu ukaanza kutoa maji meusi. Kisha sauti ikatoka, nyonge, ya mzee mgonjwa.

"Mwanangu. Ulinizika kwa simu. Sasa unanifukuza tena?"

Maulid akajiinamia na kufunika uso.

"Si baba yako," Mbarak alimnong'oneza kwenye sikio lililosalimika. "Waliokufa hawarudi. Huyu ni yule aliyemganda mzee tangu vitani, akamtafuna moyo miaka yote. Mzee alipofariki, akabaki hana pa kukaa, na wewe ukamnunulia nyumba. Mimi nitasoma, lakini wewe ndiye uliyemkaribisha. Mwambie atoke."

"Nikimwambia, sitaisikia tena sauti hii."

"Hutaisikia tena, kaka. Ndiyo hivyo."

Kutoka jikoni Fathiya alimsikia mumewe akilia kilio kilichochelewa miaka. Kisha akamsikia akisema, neno mojamoja, "Wewe si baba yangu. Baba yangu nimemzika. Toka."

Madirisha yakatetemeka. Kikohozi kikavu kikapita sebuleni, kikapita mlangoni, kikashuka ngazi, kikafifia. Harufu ya migomba ikaenda nacho.

Kesho yake waliipeleka bunduki kwa fundi wa mageti ili aikatekate. Fundi alimulika tochi mdomoni mwa mtutu, akaingiza ncha ya bisibisi. Haikuingia. Risasi ilijaa mpaka juu, imekauka, na ule uwazi wa kidole haukuwapo, hata wa kupita sindano.

Sikio la kushoto la Maulid halikupona. Daktari alisema limekufa.

Jioni ile alimpigia mama yake Makunduchi. Baada ya salamu alisema, "Mama, kule vitani, kulikuwa na nyumba kwenye migomba? Na mlango umefungwa?"

Mama akashusha sauti.

"Nani kakwambia?"

"Nilisikia tu."

"Aliniapisha nisimwambie mtu." Mama akaendelea. "Alipiga risasi, mwanangu. Nyuma ya mlango alikuwapo mwanamke, ameuzuia mlango kwa mgongo wake. Mjamzito. Baba yako alimzika kwa mikono yake, na jina lake hakulijua. Ndiyo maana nyumba yetu haikuwa na milango vyumbani, mapazia tu. Hakuweza kulala palipo na mlango uliofungwa."

Maulid aliweka simu chini, akamtazama Fathiya aliyekuwa akimenya vitunguu, mkono mmoja kiunoni. Hakumwambia. Alichukua bisibisi, akaenda chumbani, akafungua bawaba moja baada ya nyingine, akaubeba mlango na kuuegemeza ukutani. Kisha akatawadha, akaswali, akamwombea baba yake, na akamwombea pia mwanamke yule asiye na jina.

Fathiya alikuja akakuta chumba hakina mlango. Alitoa kanga kabatini, akaipitisha kwenye kamba, wakaifunga pamoja.