Pointi za Mashine ya Dirishani

Jumamosi ya msaragambo, kazi ya pamoja ya kijiji kizima, haina usingizi mtamu. Pembe ilipopulizwa kule juu ya kijiji cha Vudee, Careen alikuwa ameshamaliza uji na jembe liko begani, kwa sababu alitaka amalize upesi akimbilie shuleni. Kazi ya siku hiyo ilikuwa kuzibua mfereji unaoshusha maji kutoka kwenye ndiva, bwawa walilolichimba mababu. Kila kaya ilipewa kipande chake.

Careen alikuwa darasa la sita, mwepesi wa miguu na mwepesi zaidi wa kuchoshwa na kazi asiyoipenda. Alikwangua tope la juu, akatupa majani pembeni, akajifuta mikono kwenye sketi. Mama yake, Agatha, ambaye majirani humwita Mama Raheli kwa jina la binti yake wa kwanza, alikitazama kile kipande.

"Mwanangu, hapa umelima au umepapasa?"

"Nimemaliza, mama."

"Utajuaje umemaliza? Kipande hakikaguliwi na aliyekilima."

Ndivyo walivyozoea. Jirani mwenye kipande cha chini ndiye huingia kwenye chako na kusema kama maji yatamfikia. Mzee Tumainieli, mwenye kipande kilichofuata chini yao, akashuka mferejini, akabonyeza kwa kidole cha mguu, akatikisa kichwa. "Mama Raheli, mizizi yote bado imo. Maji yataishia hapahapa." Careen akarudia kazi huku amenuna, midomo mirefu.

Haraka yake ilikuwa na sababu. Shuleni kulikuwa na chumba cha kompyuta, na Mwalimu Elinaza alikuwa ameziunganisha na mradi wa wanasayansi wanaokadiria mvua za nchi kame. Hesabu zake ni nyingi kupita uwezo wa mashine moja, kwa hiyo zimekatwa vipande na kugawiwa mtandaoni kwa watu wanaojitolea. Kompyuta iliyokaa bure hupokea kipande, hukokotoa, hurudisha jibu, na hupewa pointi.

"Huu nao ni msaragambo," Mwalimu alipenda kusema, "ila wa dunia nzima."

Wanafunzi walitunza mashine wawiliwawili. Careen na Nathanaeli walipewa ile ya dirishani, kongwe kuliko zote, inayokohoa kabla ya kuwaka. Wawili ambao mashine yao ingekuwa na pointi nyingi zaidi kufikia Ijumaa wangekwenda Same kwenye maonyesho ya sayansi.

Careen aliitaka safari hiyo kufa na kupona. Dada yake Raheli alikuwa Same akisomea uuguzi, na tangu aondoke chumba chao kilikuwa kimepooza. Hakuna wa kumsuka nywele huku akimsengenya jogoo wa jirani. Careen alikuwa ameshamwambia kwenye simu, "Dada, nakuja. Nakuletea makande ya mama."

Alishaahidi, na mashine ya dirishani ilikuwa inaburuza mkia. Ndipo akampigia binamu yake Anold, fundi wa kompyuta kule Mwanga. Anold akamweleza namna ya kuingia kwenye mipangilio mashine inapowaka na kuilazimisha ikimbie kuliko ilivyopangwa kiwandani. Akaongeza kwamba mashine kuukuu ikikimbizwa hivyo huweza kuchemka na kukosea hesabu. Hilo la pili Careen hakulisikia vizuri, au hakutaka kulisikia.

Mferejini kuna jirani wa chini, alijiambia. Lakini huko mtandaoni nani atashuka na kubonyeza kwa kidole cha mguu? Jumamosi hiyohiyo mchana, Nathanaeli alipotoka kuchota maji ya kupigia deki, akabadilisha mipangilio.

Mashine ikaanza kunguruma. Majibu yakatoka mfululizo, na kwenye skrini safu ya pointi ikawa inapanda. Kando yake palikuwa na maneno madogo, "zinasubiri kuthibitishwa", lakini Careen aliyaruka. Jumatano tayari alikuwa amechagua gauni la safari.

Alhamisi wakakuta sifuri. Majibu yote ya mashine ya dirishani yalikuwa yamekataliwa, na skrini ilionyesha kwamba imechemka kupita kiasi. Mwalimu Elinaza aliinama, akaona sweta la Nathanaeli limetandazwa juu yake. Vudee kuna ukungu na baridi ya asubuhi, na Nathanaeli alizoea kulikausha sweta lake kwa joto la mashine.

"Nathanaeli, umeziba matundu ya hewa."

"Samahani, Mwalimu." Machozi yalikuwa yanamlengalenga. "Sikujua."

"Basi, na yenyewe imezeeka. Kesho tuirudishe stoo."

Careen alitazama chini. Alijua anachotakiwa kusema, na hakukisema. Kengele ikalia, wakatoka, na kule getini Nathanaeli akamshika mkono.

"Nisamehe, Careen. Nimekukosesha kumwona dada yako."

Hapo moyo ukamuuma kwelikweli. Angegombezwa angevumilia, lakini kuombwa msamaha kwa kosa lake mwenyewe kulimshinda. Akamvuta Nathanaeli mkono mpaka kwa Mwalimu, akasema yote pale mlangoni, akilia, bila kumtaja Anold kama kisingizio.

Mwalimu Elinaza hakupandisha sauti. Aliwaketisha wote wawili mbele ya skrini.

"Ulidhani pointi zinatolewa kwa mbio?"

"Ndiyo, Mwalimu. Nilidhani hakuna anayekagua."

"Anakagua mwenzako usiyemjua. Kila kipande hupelekwa kwenye kompyuta mbili za watu wawili tofauti. Majibu yakilingana, wote wanapata pointi, kulingana na ukubwa wa hesabu yenyewe. Yasipolingana, kipande kinapelekwa kwa wa tatu. Atakayebaki peke yake na jibu lake, anapata sifuri." Akaonyesha mstari mmoja kwenye skrini. "Mwone huyu. Mashine yake ilifanya kazi sawasawa, lakini ilibidi asubiri siku kadhaa kwa sababu jibu letu lilikuwa la uongo."

Careen alimfikiria mtu huyo, mahali fulani duniani, akisubiri maji ambayo yamekwama kwenye kipande chake yeye.

Wakairudisha mashine kwenye mwendo wake. Mwalimu akakiri kwamba kushindanisha mashine kongwe na changa hakukuwa haki, na muhula ujao angeangalia nani ana majibu machache yaliyokataliwa. Stoo ikasahauliwa. Hata hivyo safari ilikuwa ya Shukrani na mwenzake, ambao mashine yao iliongoza kwa pointi, na Careen hakunung'unika.

Jioni aliomba simu ya mama. "Shikamoo dada. Siji tena. Nilidanganya kwenye mashine, nikamponza na Nathanaeli."

Raheli aliitikia kwanza salamu. "Marahaba. Umesema mwenyewe au umekamatwa?"

"Nimesema. Nimechelewa, lakini nimesema."

"Basi bado ni mdogo wangu," Raheli alisema, na Careen akalia upya.

Siku ya kuamkia safari, mama akaweka ungo mbele yake, mahindi na maharage. "Shukrani amekubali kubeba makande. Chambua wewe. Mimi sitaangalia."

Careen alichambua taratibu, punje kwa punje, mpaka shingo ikauma. Mara mbili alidhani amemaliza, na mara zote mbili akarudia.

Shukrani aliporudi, alileta bakuli limeoshwa, na ndani yake riboni mbili za nywele. Simu ya mama ikalia papo hapo.

"Careen," ilikuwa sauti ya Raheli, "nimekula na wenzangu wote wa chumbani. Hatukung'ata hata jiwe moja."

Careen alicheka, akaufunika uso kwa riboni. Mama akamvuta karibu, akaanza kumchana nywele, ingawa mkono wake haukuwa na ufundi wa Raheli.

"Umeona, mwanangu?" alisema. "Kazi yako daima ina mtu wa chini anayeingoja, hata kama humwoni. Ukilipua, ni yeye anayeng'ata jiwe. Fanya ya kweli, hata iwe ndogo na ya polepole, nayo itamfikia."

Jumatatu asubuhi, mashine ya dirishani ilikohoa, ikawaka. Kwenye safu yake kulikuwa na pointi chache, na kando yake neno "zimethibitishwa". Nathanaeli akalivua sweta lake na kulitundika kwenye msumari ukutani. Careen akafuta vumbi kwenye matundu ya hewa, kisha wakakaa kusubiri kipande kingine.