Meno ya Hilda, Panya wa Mama Efraimu

“Panya wangu? Mimi nifuge panya, Mama Efraimu? Una uhakika na unachosema?”

“Uhakika wa nini, wakati masikio ninayo! Usiku kucha kru-kru-kru, hapo hapo ukutani. Wanakula lile gunia la mahindi uliloweka chumba cha watoto. Wakilimaliza, watahamia kwangu!”

Ilikuwa saa kumi na mbili na nusu asubuhi, bombani, mtaani Rau. Ndoo ilikuwa imeshajaa, inamwagika, lakini hakuna aliyefunga bomba. Nani aache kusikiliza? Mama Hilda na Mama Efraimu walikaa nyumba moja yenye milango miwili. Paa lao lilikuwa moja, ukuta mmoja, na juu ya ukuta huo hapakuwa na dari, hivi kwamba mmoja akipiga chafya, mwenzake anampa pole. Kwa miaka sita walikuwa wameazimana chumvi, viberiti na habari zote za mtaa. Leo walikuwa wakirushiana maneno.

Hilda alisimama kando na ndoo yake, akijikanda taya. Mdogo wake Doris, mwenye miaka minane, akamvuta sketi.

“Dada, siyo panya. Ni wewe. Ni meno yako.”

“Nyamaza!” Hilda alimnong'oneza. “Ukisema, hulali tena kitanda changu.”

Hilda alijua. Doris alikuwa amemwambia wiki mbili nyuma kwamba akilala anasaga meno kama mtu anayetafuna kokoto. Hata asingeambiwa, dalili alikuwa nazo. Kila akiamka taya lilikuwa zito na kichwa kikigonga. Andazi alilimega vipande vidogo vidogo, na maji ya baridi yakigusa meno ya nyuma alifumba macho kwa maumivu.

Alinyamaza kwa sababu moja tu: kambi. Mwalimu Tito alikuwa ametangaza kwamba mwezi mmoja kabla ya mtihani, darasa la saba wote wangelala shuleni ili wasome pamoja. Wasichana arobaini na mmoja, bwalo moja, magodoro yamepangwa bega kwa bega. Hilda aliitaka kambi hiyo kuliko kitu chochote. Lakini aliwajua wenzake. Mathew alikoroma siku moja tu, kwenye safari ya shule, na mpaka leo anaitwa Trekta. Yeye je, wangemwita nani? Mashine ya Kusaga?

Basi akanyamaza, na ugomvi ukakua. Mama Efraimu alitega mitego mitatu kwa dagaa. Haikunasa kitu, ila kidole chake mwenyewe cha mguu alipoamka kwenda msalani. Mama Hilda naye akapandwa na hasira. Ili kuonyesha kwamba mahindi yake hayana kosa, alilitoa gunia chumbani na kulisimamisha barazani.

Alhamisi mvua ikanyesha kutoka mlimani, mvua ya upepo, ikapiga baraza lote.

Asubuhi mama alikuwa amepiga magoti juu ya turubai, anatandaza mahindi yaliyolowa. Mama Efraimu alitoa kichwa mlangoni. “Gunia limetoka, panya hawajatoka! Jana ndiyo wamezidi!”

Mama aliinamisha uso, na Hilda akaona chozi likidondokea mahindi. Hapo akaona kambi na iende.

“Mama,” alisema, “hakuna panya. Ni mimi. Ninasaga meno usingizini. Nilijua tangu mwanzo.”

Mama aliinuka. Hilda alisubiri kofi. Badala yake mama akashika kiuno. “Minyoo! Nilisema mimi! Leo hii unakunywa dawa.”

“Ulinipa mwezi uliopita, mama, na bado nasaga. Taya linauma. Naomba twende kwa daktari wa meno.”

“Tutakwenda. Lakini kwanza una deni la maneno kwa jirani. Nenda kachume sale.”

Hilda alikata jani refu la sale kwenye ua wa nyuma. Huku Uchaggani mtu aliyekosa akija na jani hilo, aliyekosewa hawezi kumfungia mlango. Ni lazima amsikilize. Alilishika kwa mikono miwili, akabisha hodi.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba. Na hilo sale la nini, mwanangu? Mmeniulia nani?”

Hilda alieleza yote bila kuficha. Mama Efraimu alitazama jani, akatazama meno ya Hilda, akatazama kidole chake chenye bandeji. Kisha akacheka mpaka akaketi kizingitini.

“Yaani mtego umeniuma kwa ajili ya magego yako? Lete hilo jani. Nimekusamehe. Mama yako nitamfuata mwenyewe, maana mimi ndiye niliyepiga kelele mtaa mzima.” Wala hakukawia. Alikwenda vilevile, anachechemea, akapiga magoti kwenye turubai na kuanza kutandaza mahindi.

Jumatatu Hilda na mama yake walikaa mbele ya Daktari Eliona, mwanamke mwembamba mwenye sauti ya upole. Alimulika mdomo wa Hilda kwa taa.

“Ncha za magego zimeanza kulika, ila hujachelewa. Niambie, jioni zako zinakwendaje?”

“Nasoma mpaka saa sita. Nisisinzie, nakunywa kahawa. Babu Sirili ananiletea kutoka nyumbani kwake Mkuu, ya shambani, nachemsha nyeusi, naweka kwenye chupa.”

“Chupa nzima?”

“Ndogo,” alisema Hilda. Mama alikohoa. “Siyo ndogo sana,” akaongeza.

Daktari akatabasamu. “Watoto wengi husaga meno, na wengi huacha wakikua. Lakini hofu ya mtihani, usingizi mfupi na kahawa ya usiku huweza kuzidisha. Kwa hiyo kahawa basi. Saa tatu na nusu vitabu vifungwe. Kabla ya kulala weka kitambaa cha maji ya uvuguvugu kwenye mataya, upumue taratibu. Mchana ukijikuta umekaza meno, legeza. Midomo ikutane, meno yasigusane. Na usitafune kalamu wala mifupa.”

“Na minyoo, daktari?” mama aliuliza.

“Dawa za minyoo zinazotolewa shuleni anywe kama wenzake. Ila meno haya siyo kazi ya minyoo. Mrudishe baada ya miezi mitatu. Tukiona bado yanalika, tutafikiria kifaa cha kuvaa usiku.”

Masharti yalionekana mepesi ofisini. Nyumbani yalikuwa magumu. Usiku wa kwanza Hilda alifunga vitabu akahisi wenzake wote wanampita. Usiku wa pili harufu ya kahawa ilimfuata mpaka kitandani. Akaipa mama pakiti yote aifungie kabatini. Alianza kuamka saa kumi na moja kusoma, akaandika kwenye jalada la daftari, MENO YASIGUSANE, na kila alipoona maneno hayo alilegeza taya.

Mama Efraimu, ambaye hakuna sauti iliyompita, alijipa kazi ya kutoa taarifa bombani kila asubuhi.

“Jana umesaga mara mbili, fupi fupi.” Kesho yake: “Jana kimya, mpaka nimekosa usingizi kwa kuwaza umekufa.” Siku matokeo ya jaribio la hisabati yalipotoka vibaya: “Jana ulikuwa kinu kabisa! Una nini?”

Hilda aliumia, lakini hakuacha. Kitambaa, pumzi, taa kuzimwa. Wiki ya tatu usiku wa kimya ulikuwa mwingi kuliko wa kelele, na asubuhi aliweza kuuma andazi zima.

Ilibaki kambi. Hilda hakutaka kuficha tena. Alimwambia Magdalena, aliyekaa naye dawati moja, “Tukienda kambini, ukisikia kitu kinasagika, ni mimi. Natibiwa.”

Magdalena akaangua kicheko. “Afadhali wewe! Mimi huongea usingizini, tena nataja watu majina. Tulale pamoja, tutunziane siri. Wakikuita jina, watanikuta mimi.”

Jioni ya kuamkia kambi Hilda alikwenda kumuaga Mama Efraimu, godoro limeshafungwa kamba.

“Siku tano mfululizo kimya,” alisema Mama Efraimu. “Sasa nisikilize. Ulipoficha, watu wazima wawili tuligombana, na mahindi yakaloa. Uliposema, dawa ikapatikana. Mwili ukikusumbua, mwambie mtu mzima mapema, usione aibu. Na masharti ya daktari yashike hata siku ambayo huyapendi, kama ulivyofanya. Hukuponywa kwa bahati, mwanangu. Umefanya kazi.”

“Asante, mama.”

“Asante hailiwi. Nimepika mtori wa ndizi, laini, hauna cha kutafuna. Muite mama yako na Doris. Ingia, ingia ndani ule.”