Bomba la Tope la Ziwani

Kila asubuhi Damari na Tekla walifagia uwanja mmoja, wakanywa uji wa sufuria moja, kisha wakashika njia pamoja kupita migombani hadi darasa la sita. Mpita njia angedhani ni mapacha wanaopendana. Thubutu! Tangu Tekla, mtoto wa mama mdogo, aletwe Rungwe kutoka Makongolosi, nyumba nzima ilikuwa imeugua ugonjwa wa kumsifu. "Tekla kaosha vyombo bila kutumwa." "Tekla kapata tisini." Damari aliona hata mbuzi wa nyumbani wanamsalimia Tekla kwanza.

Wiki hiyo kijiji kilikuwa na wageni. Huko bondeni kuna ziwa dogo la duara, limelala ndani ya mdomo wa volkano ya kale. Dokta Faustina Kalinga na wenzake walikuwa wametoka Iringa kulichunguza, kwa sababu perege waliokuwa wakijaza sahani sasa walikuwa wadogo kama vidole, na maji yalikuwa yameanza kuwa na rangi ya chai ya maziwa.

"Ziwa lina kumbukumbu," Dokta aliwaambia wanafunzi waliokusanyika ukingoni na Mwalimu Saulo. "Kila mwaka tope jembamba hutua chini, juu ya tope la mwaka uliopita. La zamani chini, la juzi juu. Sisi tunalididimiza bomba hili mpaka chini kabisa, tunalitoa na tope lake likiwa limejipanga, halafu tunasoma: udongo wa mashamba ulianza lini kuingia ziwani?" Akainua bomba la plastiki linaloonyesha kama kioo. "Lakini lisimame wima mpaka kwenye gari! Nahitaji mwanafunzi mmoja wa kulibeba. Huyo atakwenda nasi Iringa, akaone linavyopasuliwa maabara."

Iringa! Damari hakuwahi kuvuka Uyole. Mkono wake ulikuwa juu kabla Dokta hajafunga mdomo.

Mikono ikawa mingi, kwa hiyo Dokta akatoa mtihani: kubeba ndoo iliyojaa pomoni kutoka ziwani hadi kwenye mparachichi. Damari alitoka mbio kama anafukuzwa na nyuki. Akafika wa kwanza, ndoo nusu, sketi chapachapa.

"Mheshimiwa Ndoo!" Dastan, mmoja wa wanafunzi, alipiga kelele. "Umeleta maji au umeyavaa?"

Tekla alifika wa mwisho, mwendo wa bibi harusi. Hakumwaga hata tone.

"Umejifunzia wapi, mwanangu?" Dokta akauliza.

"Makongolosi, Dokta. Kule maji tunanunua. Ukimwaga, huogi."

Watu wote walicheka isipokuwa mmoja.

Mchana boti ya mpira ilirudi na bomba limejaa. Wanafunzi walisongamana kutazama: chini mstari mweupe wa majivu ya volkano, katikati tope jeusi, juu kabisa utepe mwekundu. Dokta akaliziba pande zote mbili, akamkabidhi Tekla. Msafara ukaanza kupanda mlima, Dokta mbele, Tekla na Damari nyuma kabisa, maana mwenye mzigo wa namna ile hakimbizwi.

Katikati ya mlima kuna chemchemi. Tekla alisimama akihema.

"Dada, nishikie ninywe maji. Wewe ndiye ndugu yangu, wengine siwaamini."

Akamwachia bomba, akainama kunywa. Damari alilitazama. Lilikuwa limetulia, zuri, kama Tekla mwenyewe. Roho ikamuuma. *Mara moja tu*, wivu ukamnong'oneza. Akalipindua juu chini, akalitikisa, akalisimamisha tena. Tekla alipojifuta midomo, bomba lilikuwa wima kama mlinzi, na kilichokuwa ndani kilikuwa kinavurugika polepole.

Kwenye gari Dokta aliliangalia, uso ukamshuka. Majivu, tope jeusi na udongo mwekundu vyote vilikuwa uji wa ulezi.

"Tekla, ulianguka?"

"Hapana, Dokta. Sijui..." Alimtupia Damari jicho. Damari alikuwa na uongo wake tayari mdomoni, lakini haukuhitajika. "Labda nililiinamisha," Tekla alisema.

"Basi, mwanangu. Kazi ya siku nzima imeharibika." Dokta alishusha pumzi. "Na safari, naona tumchukue mwingine. Damari, wewe ndiye uliyeinua mkono kwanza."

"Mheshimiwa Ndoo anakwenda Iringa!" Dastan akashangilia, na wenzake wakapiga makofi.

Damari alitaka kufurahi. Alijaribu kweli. Ndipo Tekla akaja, macho mekundu, anavua sweta lake jipya.

"Hongera, dada. Chukua. Wanasema Iringa kuna upepo."

Hapo Damari akashindwa. Machozi yakatangulia, maneno yakafuata. "Mimi, Dokta! Nililipindua mimi! Tekla alinipa nimshikie!"

Tekla akabaki na sweta mkononi.

"Kumbe," Dokta alisema taratibu. "Kesho asubuhi tutarudi ziwani. Tekla atabeba bomba. Wewe utabeba kamba na nanga ya boti, kushuka na kupanda. Iringa huendi."

Nyumbani mama naye alikuwa na ya kwake ya kusema, na hayakuwa mafupi.

Asubuhi, bomba jipya lilipokwisha kujazwa ziwani, Damari alipanda mlima huku kamba zikimkata mabega. Walipofika chemchemini, Tekla akasimama.

"Dada," alisema, "nishikie ninywe maji."

Damari aliweka nanga chini, akalishika bomba kwa mikono miwili. Bomba halikuinama.

Kwenye gari Dokta aliyasimamisha mabomba mawili, la jana na la leo.

"Tazameni. Hili la leo linatuonyesha wazi udongo mwekundu wa mashamba ya miteremkoni ukizidi kuingia. Tukijua umeanza lini, tutajua la kufanya. La jana halituambii kitu." Akamgeukia Damari. "Ulitaka Tekla awe chini, wewe uwe juu. Lakini ukilipindua bomba, la chini haliwi la juu. Lote linakuwa uji. Wivu ndivyo ulivyo, mwanangu. Haukupandishi hata hatua, unakuvurugia mpaka ndugu uliyekuwa naye. Anayetaka kupanda akaze mikono, aende polepole."

Gari likaondoka, Tekla ndani, bomba katikati ya magoti. Wivu ulimchoma Damari kidogo, maana nao ni kama mafua, hauondoki kwa siku moja. Hata hivyo, alipunga mkono mpaka gari likapotelea migombani.

Jioni alimpelekea mama ndoo ya maji. Alichelewa sana njiani, lakini ndoo ilifika imejaa.