Kuku wa Karani

Kila asubuhi ya msimu wa korosho mwaka 1998, kabla ya kwenda shule, Teodosia alichambua korosho uani kwao Nkowe. Mbovu alizitupa, nzuri akazitia guniani. Mama yake, Lusiana, alizipeleka chamani, kwenye ghala la ushirika, pamoja na kuku wa kumpa karani mpimaji, zawadi iliyoitwa kitoweo. Bila kitoweo, korosho zilishushwa daraja na bei ikawa ya kutupa.

Sasa kuku walikuwa wamekwisha. Alibaki tetea wa Teodosia, aliyemlea ili mayai yake yamnunulie sare.

Wiki hiyo walikuwa na mgeni, Bi Prisca kutoka Nachingwea, mtafiti wa rushwa katika biashara. Kila alipouliza, watu walimjibu kwamba kwao hakuna rushwa, kuna kitoweo tu. Hakubishana nao. Alimwomba Lusiana apeleke gunia kwanza bila kuku, kisha lilelile pamoja na kuku.

Ijumaa jioni karani Felisian alichota korosho, hakuzitazama hata kidogo, akasema ni daraja la pili. Lusiana akarudi na gunia lake. Jumamosi alilipeleka lilelile, safari hii Teodosia akiwa amempakata tetea, aliyefungwa kamba miguuni. Bi Prisca alisimama katikati ya wakulima.

Felisian alipokea kuku kwanza. "Hizi safi, mama. Daraja la kwanza."

Damu ilimchemka Teodosia. Alikuwa amezichambua kwa mikono yake, moja moja, na mtu huyu hakuwa hata na haya.

"Shikamoo, karani," alisema. "Hizi ni zilezile za jana. Kilichoongezeka ni kuku wangu."

Foleni nzima iligeuka kumtazama. Kisha mzee Saturnini, mmoja wa wakulima, akasema hata mbuzi wake alikwenda kwa karani hivyohivyo, na kila mtu akawa na lake la kusema. Viongozi wa chama waliitwa, wakamsimamisha Felisian kazi. Lusiana alipewa daraja lake, na tetea akarudishwa.

Njiani Teodosia bado alikuwa amenuna. Alisema anawachukia wakubwa walionyamaza miaka yote.

"Una haki ya kukasirika," alisema Bi Prisca, "lakini usiishie kununa. Uliza, chunguza, kisha sema. Kazi yangu ndiyo hiyo. Anayekuuzia haki yako ni mwizi, mwanangu, hata akikuchekea."

Lusiana alisimama, akamchukua tetea. Alimfungua kamba miguuni, akaitupa porini.

"Mimi ndiye niliyekuwa nikiwafunga kuku wa karani," alisema. "Sitafunga tena."