Sauti Ndani ya Chungu Kidogo

Umeme ulikuwa umekatika mtaa mzima tangu asubuhi, na ndiyo maana fundi cherehani hakuelewa ni nini kilichomuunguza kidole. Alikuwa ameingia chumba cha nyuma kufagia, akaegemea meza ya mumewe, mkono ukagusa gari dogo lililosimama juu ya reli. Aliruka, akakitia kidole mdomoni. Gari lenyewe halikuzidi kiberiti kwa ukubwa. Lilikatwa kwenye kopo la maziwa, halikuwa na betri wala waya, na lilikuwa la moto kama pasi.

"Mzee! Umeweka nini kwenye hili litreni lako? Limeniunguza!"

Mumewe alikuwa uani, ananyoa ndevu. "Utaunguzwaje na kopo, bibie? Umeme wenyewe hakuna."

Akacheka. Lakini hakuja kuangalia, na mume anayeambiwa mkewe ameungua akabaki na ndevu zake, huyo ana lake jambo.

Basi uwajue kwanza watu hawa. Mume alikuwa dereva wa treni ya kiwanda cha chuma. Wenzake walimpa jina la Breki, kwa kuwa katika utumishi wake wote hakuwahi kugonga hata paka. Kazi yake ilikuwa kuvuta chungu. Chungu, ndivyo walivyoliita kule kiwandani lile pipa kubwa la magurudumu linalosimama chini ya tanuri, linajazwa chuma kilichoyeyuka, kisha linavutwa taratibu kwenda kumiminwa. Mke alishona sare za shule pale pale sebuleni. Mungu aliwajalia mtoto mmoja tu, wa kiume, aliyekuja baada ya mimba kuharibika na kuharibika mpaka majirani wakaishiwa na pole za kutoa. Mama mtu alimwita "baba", kama mama wengi wanavyowaita watoto wao wa kiume. Mtoto akakua, akaajiriwa kule kule kwa baba yake, juu ya jukwaa la tanuri. Siku moja ukingo wa jukwaa ukakatika, akaangukia ndani ya chungu ambacho baba yake alikuwa anasubiri kukivuta.

Maiti haikupatikana. Ingepatikana wapi? Lakini watu wa chuma wana desturi yao: chuma kilichomchukua mtu hakiuzwi. Walikifukia chote nyuma ya kiwanda, isipokuwa kipande kimoja, ukubwa wa mto wa kulalia, walichokitia sandukuni wakakileta nyumbani. Kipande hicho kikaoshwa, kikasaliwa, kikazikwa kaburini kama mwana wa watu.

"Alisema nini?" mama alimuuliza mumewe siku ile.

"Hakusema kitu. Alikwenda papo hapo."

Neno hilo ndilo lililomsimamisha. Kila alipotaka kudondoka alijiambia: angalau mwanangu hakuteseka.

Baadaye kiwanda kikafungwa, tanuri likazimwa, Breki akarudi nyumbani hana la kufanya kwa mikono yake. Ndipo alipotoa kitanda cha marehemu chumba cha nyuma, akaweka meza ya plaiwudi kutoka ukuta hadi ukuta, na juu yake akaanza kukijenga kiwanda kizima upya. Tanuri alilitengeneza kwa makopo, dohani kwa mabomba ya maji, kreni kwa njiti za kiberiti. Makaa ya mawe aliyaponda kwa nyundo mpaka yakawa vilima vidogo vyeusi kando ya reli. Ndani ya tanuri alificha taa nyekundu, ukiwasha unadhani chuma kinachuruzika kweli. Treni ndogo ikawa inazunguka, inavuta chungu kidogo. Wafanyakazi aliwachonga kwa mti, mmoja mmoja, na kofia zao. Mkewe alimwachia aendelee. Wanaume wengine huzuni zao huzipeleka kwenye pombe. Wa kwake anacheza na makopo, kuna ubaya gani?

Baada ya kile kidole kuungua, ilikuja harufu. Ilianza kwenye nguo. Alipokunja sketi iliyotoka kushonwa, alisikia kiberiti, chuma cha moto, na chini yake nywele zilizoungua. Mara ngapi aliinua pasi kuangalia kama imeunguza kitambaa! Pasi ilikuwa baridi.

Kisha, mchana mmoja, saa zile ambazo jua limewafukuza watu wote ndani na mtaa umenyamaza, Breki akiwa ametoka kutafuta gundi, mkewe alisikia magurudumu madogo yakienda chumba cha nyuma. Ka-ta, ka-ta, ka-ta. Akaondoa mguu kwenye cherehani. Magurudumu yakasimama.

"Mama."

Alijua sauti ile kabla ya moyo wake kudunda mara ya pili. Nawe unajua, nami najua, kila mtu alifundishwa tangu utotoni: ukiitwa na usiyemwona, usiitike. Lakini aliyetunga onyo hilo hakumzika mwanawe.

"Ee, baba," aliitika.

"Mama. Joto."

Hakupiga kelele wala hakukimbia. Alivuta kiti chake mpaka mlangoni pa chumba kile, akakaa, akalia kwa furaha. Toka hapo kila Breki alipotoka, yeye alihamia mlangoni na sindano yake. Sauti haikuwa na mengi. "Mama." "Joto." "Nishike." Basi. Yeye ndiye aliyeongea: nani kaolewa, nani kahama, sare za mwaka huu zimebadilishwa rangi. Ikisema joto, alipepea chungu kidogo kwa gazeti. Alijua ni wazimu, na aliuonea haya, lakini nyumba ilikuwa imepata tena mtu wa kumwita mama, na mtu mwenye kiu haulizi kisima kimechimbwa na nani.

Breki naye alikuwa anakwisha. Mashavu yalibonyea, macho yakawa mekundu, anakunywa maji ndoo kwa ndoo na chakula hagusi. Mikono aliifunga vitambaa.

"Mikono imefanyaje?"

"Gundi, bibie. Gundi hii kali."

Gundi gani inanuka nyama? Alitaka kuuliza, hakuuliza. Kila mmoja alikuwa na siri, na siri yenyewe ilikuwa ile ile moja.

Ilifumuka siku aliyokwenda kupeleka sare kwa mteja, akamkosa, akarudi mapema kuliko alivyotazamiwa. Mlango wa chumba cha nyuma ulikuwa wazi, na joto lilimpokea akiwa bado sebuleni, joto la kweli, lililomkausha midomo na kuzikunja kingo za mapazia, na alipofika kizingitini akaona taa zote za kile kiwanda kidogo zinawaka ingawa waya umechomolewa ukutani, na treni inazunguka haina dereva, na wale watu wa mti wote wamegeuka, kila mmoja na kofia yake, wanamtazama mumewe, ambaye alikuwa amepiga magoti mbele ya meza, amefungua vile vitambaa, amekikumbatia chungu kidogo kwa viganja vyake viwili, na viganja vinatoa moshi, nyama inachirizika kama mafuta ya kikaango, naye anatabasamu, anatabasamu jamani, huku anasema kwa upole, "Nimekushika, mwanangu. Safari hii nimekushika."

Alimvuta kwa kola. Walianguka wote wawili.

Jioni hiyo hiyo alikwenda kumwita mhunzi. Mhunzi huyu alitengeneza mageti na grili za madirisha mtaa wa pili, mtu wa kikohozi na ulimi mkali, lakini watu wa kiwandani wote walijua kwamba mambo ya moto unayauliza kwake.

"Mimi si mganga," alisema akiwa mlangoni. "Nachomelea mageti." Kisha harufu ikamfikia, akaweka chini ndoo ya maji aliyokuja nayo. Aliingia, akaizunguka meza, akanusa tanuri la makopo. Alipofika kwenye chungu kidogo alichungulia ndani. Chini kabisa palikuwa na kijipande cha chuma, kama ncha ya kidole gumba.

"Hiki umekitoa wapi?"

Breki alitazama sakafu. "Kwenye sanduku. Usiku wa kuamkia maziko. Nilikikata kwa msumeno. Sikutaka aende wote."

"Ewe Breki! Mtu wa chuma mzima!" Mhunzi alishika kichwa. "Lile tanuri liliwaka tangu baba zetu bila kuzimwa. Moto usiolala hupata mwenyewe, jini lake. Mlipolizima, mwenyewe akakosa pa kukaa, na chuma chote alichokijua kiko chini ya udongo. Kasoro hiki."

"Lakini anaongea," alisema fundi cherehani. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Anaongea kwa sauti ya mwanangu. Mimi mwenyewe namwitika."

Mumewe akamgeukia. Wote wawili wakatazamana, na aibu ikawa ya wote.

"Jini la moto halina ulimi, fundi mwenzangu," mhunzi alisema polepole. "Lina yale tu lililoyasikia kwa mtu likiwa linamla. Ndiyo maana halisemi zaidi."

Fundi cherehani alisimama akiyapanga yale maneno kichwani mwake. Mama. Joto. Nishike. Akashika ukuta.

"Mzee. Uliniambia alikwenda papo hapo."

Breki alilia kabla ya kufungua mdomo. "Alishika ukingo uliobaki. Alining'inia. Niliruka kutoka kwenye treni, nikapanda ngazi, nikapanda, bibie, naapa nilipanda. Alikuwa ananiona. Mimi baba yake nipo pale, ananiona, na hakuniita mimi. Alikuwa anakuita wewe."

Mhunzi akakohoa, akatia chumvi kwenye ndoo ya maji. "Aliyekikata ndiye atakayekitoa. Kitaingia majini, kitapoa, tutakipeleka kikalale na mwenziwe kaburini. Kitaita. Asiitike mtu. Ukiitika umelikaribisha, halitoki tena, na huyu mumeo hamalizi mwezi."

Breki alitia koleo ndani ya chungu. Taa zikawaka zote.

"Mama."

Fundi cherehani alijaza mdomo wake kitambaa cha sare.

"Mama. Joto."

Kipande kikagusa maji, ndoo ikachemka, mvuke ukajaa chumba mpaka hawakuonana, na sauti haikuwa tena ya mezani bali ya kila mahali, darini, ndani ya kuta, ndani ya kifua chake mwenyewe, sauti ya kijana wake akiwa na hofu, si jini linalojifanya, ni maneno yake hasa, yale yale, kwa mfuatano ule ule, alivyoyatoa siku ile akimtafuta mama ambaye alikuwa nyumbani anapima kola, mama, joto, mama, nishike, mama, nishike, nishike, naye mama akang'ata kitambaa mpaka damu ikamjaa kinywani, akatikisa kichwa, akashika mkono wa mumewe ulioungua, na hakuitika.

Maji yakatulia.

Walikwenda makaburini kabla giza halijaingia, wakakifukia kipande kile kilikostahili kuwa tangu mwanzo. Kilikuwa baridi, chuma tu kama chuma kingine. Wakarudi. Nyumba haikuwa na joto wala harufu. Breki alikula ugali wote uliokuwa sahanini, mara ya kwanza kwa muda mrefu, kisha akasinzia pale pale kwenye kiti na mdomo wazi.

Mhunzi alichukua ndoo yake. Mlangoni aligeuka, akamtazama yule mwanamke aliyesimama katikati ya sebule, hajui aketi wapi. Ulimi wake mkali ulikuwa umelainika. Akamuaga kama mtu yeyote anavyomuaga mwanamke wa rika lile.

"Pole sana, mama."

"Ee, baba," aliitika.

Neno lilimtoka lenyewe, upesi na kwa upole, kwa mtu anayeondoka na ndoo yake, neno lile lile alilomnyima mwanawe. Alijisikia akilisema. Akaziba mdomo kwa mikono yote miwili, akaanguka chini.